Opereta na Uzi wa Kioo

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya swichibodi ya hospitali, akichomoa waya hapa na kuchomeka kule, ili daktari azungumze na maabara na maabara izungumze na jikoni. Alipostaafu walimpa cheti na saa ya ukutani. Jina la kazi aliondoka nalo bila kuomba ruhusa: mpaka leo mtaa mzima unamwita Opereta. Hata mwanawe, mwalimu wa hesabu mwenye mvi zake, humwita hivyo akitaka kumtania.

Nyumbani napo hakustaafu. Mtandao wao wa zamani uliingia kwa laini ya simu, na tundu la simu lilikuwa chumbani kwake, kando ya kitanda. Modemu ilikaa juu ya kabati la nguo, ikikonyeza taa zake za kijani, na nguvu zake ziliishia mlangoni. Ukitoka hatua mbili tu, umeachwa. Tena watu wawili wakiutumia kwa pamoja, wote wawili walikwama. Basi Opereta akafanya analolijua. Alifunga kamba dirishani, akampa kila mtu kibanio chake cha nguo: mwanawe cha bluu, mkwewe cha njano, mjukuu wake chekundu. Kibanio chako kikiwa kambani, laini ni yako, na utakaa ukingoni mwa kitanda cha Opereta mpaka umalize. Na hakuna aliyepewa zamu kabla hajataja sababu.

"Unataka laini ya nini?"

"Kuna mteja nataka kumwonyesha mshono wa mikono, mama," mkwe angejibu. Yeye ni fundi cherehani.

"Mteja yupi? Yule aliyerudisha gauni mara tatu? Huyo si mteja, mwanangu, huyo ni adhabu. Haya, dakika ishirini."

Mjukuu, binti wa chuo, alikuwa na sababu moja tu. "Kazi ya chuo, bibi."

"Kazi ya chuo ndiyo inakuchekesha hivyo? Kaa hapa nikuone."

Nisiseme uongo, walilalamika. Picha moja ilishuka kwa mwendo wa kinyonga, na mtu huwezi kukaa kitandani kwa mtu robo saa umefunga mdomo kama benki siku ya Jumapili. Ndipo mambo yalipomwagika. Opereta alijua mwalimu mkuu kamnunia nani, mjukuu kaachana na nani, na nani anataka kurudiwa. Hakuwa mmbea, msimsingizie. Mmbea hupeleka habari nje. Yeye alizikusanya tu.

Kisha ikaja faiba, mtandao mpya wa kasi. Kampuni ilimtuma fundi, dada mmoja mwembamba mwenye ngazi ndefu kuliko nyumba yenyewe. Akatoboa ukuta wa sebuleni, akapitisha waya mweupe mwembamba, akaweka kisanduku nyuma ya kabati la runinga.

"Huu ndani ni uzi wa kioo, mama," akaeleza. "Mwanga ndio unaobeba kila kitu. Msiukunje tu."

"Binti," Opereta akamwambia, "mimi nimeshika nyaya kabla mama yako hajazaliwa."

Kufumba na kufumbua, nyumba ikawa na mtandao mpaka bafuni. Vibanio vikarudi kwenye kazi ya kuanika nguo. Kila mtu akaingia chumbani kwake, mkwe kwenye chumba cha cherehani, na mlango ukafungwa, taratibu, kwa adabu zote. Wiki ya kwanza Opereta alifurahia utulivu. Wiki ya pili aliacha mlango wake wazi. Wiki ya tatu alikuwa anakohoa kidogo mtu akipita, naye hana kikohozi.

Asubuhi moja muuza maziwa akamwambia mlangoni, "Pole na mwanao kuhamishwa, mama. Na ni mbali kweli. Watoto wa darasa lake wanalia."

"Ndiyo hivyo, kazi ni kazi," akajibu Opereta, akapokea maziwa yake, akafunga mlango. Alikuwa hajui hata neno moja.

Iliuma. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini yeye alikuwapo! Alikuwapo sana, hatua kumi kutoka meza ya chakula. Enzi za kamba angelijua hilo kabla barua haijakauka wino. Akangoja siku hiyo aambiwe. Akangoja na kesho yake. Mwalimu akamuuliza tu kama chai ina sukari.

Hospitalini, daktari mkaidi akikataa kuinuka kitini, dawa yake ilikuwa moja: unamkatia laini, anakuja mwenyewe, tena mbio. Jumamosi Opereta akapiga moyo konde, akaingiza mkono nyuma ya kabati, akachomoa waya. Dakika kumi tu, alijiambia. Na kwa kuwa hakuwahi kuacha waya ukining'inia, akauviringa kwenye vidole viwili, akakaza, akaufunga kwa mkia wake mwenyewe, akavuta fundo mpaka likatii.

Milango ikafunguka yote mitatu. Wakaja sebuleni na simu mikononi, wamenyanyua mikono juu wakitafuta mtandao.

"Umekatika? Hata sijui," Opereta akasema. "Kaeni, utarudi."

Wakakaa. Akamuuliza mwanawe habari za shule. "Nzuri," akasema mwalimu, macho kwenye kisanduku. Dakika kumi zikapita hivyo, nzuri, nzuri. Walipokwenda jikoni, Opereta akaufungua waya, akauchomeka. Taa ikabaki nyekundu. Akauchomoa, akaupuliza, akauchomeka tena. Nyekundu. Kwa kuchanganyikiwa akauviringa upya, akaufunga fundo lile lile, akausukuma gizani nyuma ya kabati.

Kampuni ikasema fundi atafika Jumatatu. Siku mbili familia nzima ilishinda sebuleni, jambo alilolitamani wiki zote zile, naye hakuthubutu kuuliza lolote. Aliwapikia chai kila saa na kuwasifia hovyo. Mtu mwenye akili angeshuku.

Jumatatu fundi akapiga magoti, akaingiza mkono, akatoka na waya umejiviringa kama bangili ya mtoto.

"Nani ameukunja hivi? Kioo kimevunjika ndani."

Mwalimu akaliangalia fundo. Alifungiwa viatu kwa fundo hilo mpaka akamaliza darasa la pili. "Labda panya," akasema.

"Panya hafungi fundo, mwalimu," akasema fundi.

"Ni mimi," akasema Opereta. "Nilitaka dakika kumi."

"Za nini, mama?"

"Za kuambiwa na wewe kwamba unahamishwa. Nimeambiwa na muuza maziwa, nimesimama mlangoni na sufuria mkononi."

Mkwe akashika mdomo. "Nilidhani amekwambia!"

"Na mimi nilidhani mama amekwambia," mjukuu akasema. "Tuliandika kwenye kundi la familia, bibi."

"Kundi gani?" Simu ya Opereta ilikuwa ya vitufe, na hapo wote watatu wakakumbuka.

Mwalimu akaja kukaa karibu yake. "Niliogopa," akasema. "Niliogopa utalia."

"Nitalia, ndiyo. Nitalia kwa macho yangu, sijaazima yako. Wewe sema."

Akasema. Shule iko safari ya siku nzima. Anaanza mwezi ujao, peke yake kwanza. Opereta akalia kama alivyoahidi, akapenga kamasi, kisha maswali yakaanza: mwalimu mkuu wa huko ni mtu wa namna gani, maji yanapatikana karibu, nani atampikia, yeye asiyejua hata kuchemsha yai. Fundi alikuwa akibadilisha waya polepole kuliko kawaida, sikio limegeukia kwao.

Taa ikawa ya kijani. Simu zote zikalia kwa mpigo, ujumbe wa siku mbili ukamwagika, na mkono wa mwalimu ukaenda wenyewe mpaka mfukoni.

"Acha ilie," akasema Opereta. "Ulikuwa umefika kwenye habari za nyumba ya kupanga. Ina vyumba vingapi?"