Sindano ya Shingoni

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji, Malindi, mkuu wangu, sista mkongwe, alinipokea kwa maneno makavu. "Mgonjwa aliyelala usimwamini. Na mashine ikikwambia yu salama, usiiamini pia." Nilikuwa binti wa Shella niliyesomea kutia wagonjwa ganzi. Miaka mingi baadaye, nilipohamishiwa hospitali moja upande wa Kilifi, nilikuwa mtu wa kushuku kila kitu.

Huko mkubwa wangu alikuwa daktari bingwa wa ganzi, mdogo kwangu kwa umri, mpole mno. Upole wenyewe ulinitia wasiwasi.

Tulikuwa na mgonjwa, Kadzo, mkulima wa Ganda, aliyevuja damu ubongoni. Mshipa uliopasuka ulikwisha kuzibwa Mombasa, akarudishwa kwetu apate nafuu. Lakini damu iliyomwagika huacha balaa nyuma yake: siku kadhaa baadaye mishipa mingine hujikaza, na ubongo ukakosa damu. Asubuhi moja mkono wake wa kulia ulilegea, maneno yakampotea. Dawa za kawaida hazikuzuia.

Bingwa akataka kutia ganzi fundo la mishipa ya fahamu lililoko shingoni upande wa kushoto, upande wa ubongo unaoongoza mkono wa kulia, ambalo huiamuru mishipa ya damu ijikaze. Fundo likilala, mishipa huenda ikalegea. Alimweleza kaka wa mgonjwa, mzee Karisa, kwamba kope la jicho la kushoto litaanguka kwa saa kadhaa, na hiyo ndiyo alama kuwa ganzi imefika.

Karisa akamjibu: "Kwa hivyo mukimharibu, mutasema mumefaulu."

Nami nilikuwa nikiwaza hivyo hivyo. Nilishuku kwamba mtu wa shamba anajaribiwa jambo ambalo tajiri hangejaribiwa. Bingwa hakukasirika. Akasema wengine husaidika, wengine la, wala hana hakika. "Ninalolijua ni kwamba tukikaa tu, mkono huo huenda usirudi."

Karisa akakubali, kwa sharti asimame pale pale aone.

Sindano iliongozwa na mashine ya picha, kama ile ya kutazamia mimba. Punde kope likaanguka. Karisa akanishika mkono kwa nguvu, akaniuliza mimi, si daktari: "Mama, hili ndilo mulilolisema, au ni lingine?"

"Ndilo," nikajibu.

Kabla ya alasiri Kadzo alikunja vidole, kisha akaomba maji kwa Kigiriama. Karisa hakushukuru. Alisema atangoja aone kama dada yake atatembea. Alitembea.

Baadaye tulimdunga mwanamume wa Mambrui, mwenye ugonjwa uo huo, vivyo hivyo. Kope likaanguka kama la Kadzo, lakini hakupata nafuu, akafariki. Bingwa alikwenda mwenyewe kwa jamaa zake, akawaambia waziwazi kuwa sindano haikusaidia.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kazi hii huniuliza kama sindano ile yafaa. Huwasimulia habari za Kadzo na za yule wa Mambrui kwa pamoja, wala siwaachi waondoke na moja tu. Yule bingwa niliacha kumshuku siku ile alipowakabili wafiwa. Sindano yake naishuku hadi leo.