Saumu Yangu Ilipokwenda Harare

Nimenunua ng'ombe, nimenunua bati, mume wangu alipokufa nikamnunulia na jeneza, lakini mbegu ya kitunguu saumu sijawahi kununua. Ile ninayopanda nilipewa na mama mkwe wangu siku aliyokubali kwamba siondoki. Ni ndogo, ganda lake la zambarau, na ukali wake unaweza kumfanya mwongo aungame bila padri. Wenzangu hapa Dongobesh walikimbilia zile nyeupe za dukani, nene kama mashavu ya mlevi, ambazo huoza kabla ya Krismasi. Nimewacheka miaka mingi. Nimewacheka sokoni, nimewacheka kisimani, na Mungu anisamehe, nimewacheka hata kwenye foleni ya kitubio.

Niliyemcheka kuliko wote ni jirani yangu wa upande wa juu. Tuliolewa hapa karibu siku moja. Yeye anasema alizaliwa kabla yangu. Mimi nasema alizeeka kabla yangu, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Kwetu shikamoo si mchezo, mdogo lazima aanze, kwa hiyo tangu tukiwa mabibi harusi hatujaamkiana. Tunaulizana tu habari za ng'ombe.

"Siku utakapokuja kuniomba mbegu," aliwahi kuniambia juu ya uzio, "utaanza na shikamoo."

"Siku hiyo," nikamjibu, "mbuzi ataongoza misa."

Kazi ya saumu ni ya mgongo. Unabeba samadi kichwani mpaka inakutiririkia shingoni. Unapanda mvua za masika zikianza, unapalilia kwenye tope, unang'oa wakati wa baridi vidole havisikii. Kisha unachambua: iliyo nzuri kabisa ni mbegu, iliyo nzuri inauzwa, iliyobaki tunakula sisi. Mkulima wa saumu hajawahi kuonja saumu nzuri. Mbegu yangu naiweka kwenye magunia matatu darini juu ya jiko, ikae kwenye moshi, na midomo ya magunia naifunga kwa kipande cha kanga kuukuu ili mwenye macho ajue.

Sasa mwaka huo nilikuwa msibani Tumati. Marehemu alikuwa mchoyo, kwa hiyo tulikaa muda mrefu, kila mtu akisubiri kuona kama safari hii atatupikia nyama. Nyuma yangu lori likaja kupakia saumu. Dereva ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, anaendesha mali ya mfanyabiashara mmoja wa Katesh. Binti yangu aliwaambia wapakiaji, "Mzigo wa mama uko ndani." Wakabeba uliokuwa ndani, na wa darini. Binti huyo nilimsomesha. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kanga naijua.

Nilirudi nikakuta dari tupu, inachungulia kama kinywa kisicho na meno. Nikashuka hadi senta karibu kukimbia. Lori lilikuwa bado limesimama, turubai limeshafungwa kwa kamba.

"Shikamoo mama," mkwe akasema akiangalia tairi.

"Marahaba. Mbegu yangu iko wapi?"

Akaniambia. Ilipakiwa ya kwanza, kwa hiyo iko chini kabisa. Mzigo wa juu unashuka Lusaka, wa chini unashuka Harare. Kuifikia ni kupakua lori zima.

"Nitakuletea nyingine, mama. Ya dukani, nzuri, nyeupe."

Nilihisi kama amenitukania marehemu mama mkwe. Nikarudi nyumbani, nikachukua sweta, blanketi na pasipoti. Ndiyo, nina pasipoti. Nilikatiwa mwaka parokia yetu ilipokwenda hija Uganda. Muhuri ulikuwa mmoja tu, na kurasa zilizobaki zilikuwa zinanisikitisha.

Lazima nieleze aibu ya jambo hili. Kwetu mkwe na mama mkwe hawabanani. Nikiingia nyumba ya binti yangu kwa mlango wa mbele, mume wake anatokea wa nyuma; ilijengwa na milango miwili kwa ajili yangu. Leo niketi naye kwenye kabini, siku na siku, magoti kwa gia? Utingo alishushwa Katesh ili mimi nipate nafasi, akafurahi kama aliyefutiwa dhambi. Mimi nikatundika kanga katikati, kati ya kiti chake na changu. Tangu hapo mkwe wangu akawa anazungumza na kanga.

"Mama, huo Mlima Hanang."

"Nauona. Nimezaliwa naona."

"Mama, tumefika Singida."

"Mbona watu wake wanauza kuku na hawana hata mti wa kumwekea kivuli?"

Kwenye kizuizi baada ya Iringa askari akachungulia. "Nyuma ya pazia kuna nani?"

"Mama mkwe," akasema mkwe wangu kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

Askari akamwangalia kwa huruma kubwa, akafungua njia bila kuuliza hata leseni.

Mpakani tulikaa siku tatu tukisubiri karatasi. Huko nilijifunza kwamba madereva wanapika vizuri kuliko wake zao, na hawasemi ili wasije wakaambiwa wapike nyumbani. Mkwe wangu hakuweza kula mbele yangu, kwa hiyo alikula akiwa amekaa chini ya lori, na mimi nikala juu, tukipitishiana sufuria dirishani. Zambia ni miti. Unalala unaona miti, unaamka unaona ile ile. Nilitafuta mlima nikakosa. Nilijiuliza watu hawa wakipotea wanajuaje upande wa nyumbani.

Lusaka wakashusha mzigo wa juu. Nilipanda nikachungulia, nikaona vipande vyangu vya kanga kule chini. Karibu nilie. Hata watoto wangu sijawahi kuwaangalia hivyo. Nikataka kuyashusha, mkwe akasema yameandikwa kwenye karatasi za Harare, hayaguswi njiani.

Tukashuka bonde la Zambezi. Joto lile! Mimi ni mtu wa baridi, nimezoea sweta hadi saa sita mchana. Nilivua sweta, nikavua soksi, nikaangalia kanga iliyo katikati, nikafikiri kuvua na mengine, nikakumbuka heshima.

Harare ilinitendea mema. Sokoni nilisikia kiu, nikaomba maji kwa ishara nikiwa bado dirishani. Mama mmoja akaniuliza, "Mvura?" Nikaangalia juu. Jua kali, wingu hata moja hakuna. Akacheka, akaniletea kikombe: kumbe mvura ndiyo maji yenyewe. Kiiraqw chetu hakina undugu na lugha ile hata wa mbali. Kiswahili nilichofundishwa kwa fimbo ndicho kilichokuwa na ndugu nchi ya watu.

Lakini nilichelewa kushuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, na mpaka inakumbuka kazi yake, magunia yangu mawili yalishabebwa na wachuuzi na kupotelea katikati ya watu. Moja lilibaki. Nikalikalia.

Aliyenunua mzigo wa Harare, mama mnene mwenye sauti ya kuita mvua, akaja kunitoa. Mkwe wangu ana maneno machache ya kule, akaanza kueleza. Akanitaja "ambuya". Neno hilo kwao ni bibi, na ni mama mkwe pia. Yule mama akaacha kunifokea. Akamgeukia yeye. Alikuwa ameelewa jambo moja tu: mwanamume huyu amemkalisha mama mkwe wake kabini njia nzima kutoka Tanzania. Akapiga yowe, wenzake wakaja, wakamchuchumalisha mkwe wangu pale pale kwenye maganda ya kabichi, wakamwonyesha jinsi ya kunipigia makofi, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo, polepole, macho chini. Akapiga. Soko zima likasimama kutazama. Wanawake wenyewe wakapiga magoti kunisalimia. Mimi juu ya gunia langu, nikaona hata ile ya mama mkwe wangu kunichukia miaka ya mwanzo imelipwa.

Nikatoa punje moja nikampa yule mama atafune mbichi. Akatafuna. Macho yakamtoka, machozi yakamshuka, akanishika mkono. Akanionyesha gunia: chukua.

Ningeishia hapo, ningekuwa mwanamke mwenye furaha. Lakini darajani Zambezi, bwana mmoja mwenye kalamu akauliza cheti.

"Cheti gani?" nikamuuliza mkwe.

"Cha afya, mama. Cha mmea. Iliingia kama bidhaa, kutoka inahitaji cheti."

"Mwambie mimi mwenyewe sina cheti cha afya na nimepita."

Hakucheka. Alikuwa kwenye kazi yake, na kama angekuwa mwanangu ningemsifu. Gunia likabaki.

Asichojua ni kwamba asubuhi ile, mkwe wangu alipokwenda kunywa chai, nilikuwa nimefungua mto wa kulalia uliokuwa kabini, nikatoa pamba yote nikatupa, nikajaza saumu, maana yale magunia mawili yaliyopotea yalikuwa yamenifunza. Nililalia mto huo nchi nzima ya Zambia. Shingo yangu haijawa ile tena.

Mpaka wa mwisho, wa nyumbani, binti mmoja wa ushuru akapanda ngazi ya kabini. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu."

Akanusa. "Bibi, mto wako unanuka."

"Ukilala na kichwa kimoja miaka sabini, chako kitanukia udi?"

Akaziba pua akashuka. Lori likaondoka. Kisha sauti ikatoka nyuma ya kanga, taratibu, kwa heshima zote:

"Mama. Ule mto ulikuwa wangu."

Nyumbani nilimwaga mto kwenye ungo. Nusu nilikuwa nimeiponda kwa kichwa. Nyingine ilishaoza kwa joto la bonde lile. Iliyobaki ilitosha tuta moja, na tuta lenyewe la ukubwa wa kaburi la mtoto. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima, watu wanapita na majembe, wananipa pole na midomo yao inacheka. Nilikuwa na njia mbili: kununua zile nyeupe dukani mchana kweupe, au kupanda kule juu kwa jirani, anione mmoja tu.

Nikapanda kule juu.

Jirani alikuwa barazani anapukuchua maharage. Aliniona tangu nikiwa kwenye uzio, lakini akajifanya maharage yana siri.

"Shikamoo," nikasema.

Akaweka ungo chini. Akapangusa mikono. "Sijasikia vizuri. Upepo."

"Shikamoo!"

"Marahabaaa," akaivuta kama anakamua ng'ombe, "marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Nikameza. Nikasema shida yangu, kwa kifupi, kama mtu anayeng'olewa jino. Akaingia ndani, akakaa humo, akatoka na kikapu kimejaa. Nilitegemea nyeupe. Ilikuwa ndogo, ya zambarau. Nikachukua punje nikatafuna, machozi yakanitoka, na sikuwa nalia.

"Hii ni ya mama mkwe wangu," nikamwambia.

Akaokota harage moja lililoanguka.

"Umeitoa wapi?"

"Mwaka ule ulipokwenda hija, uliniachia ufunguo nikukamulie ng'ombe."

"Nikakuombea kule! Nilikuwashia mshumaa!"

"Maombi yalifika," akasema. "Ilizaa sana."

Nilitaka kumwita mwizi. Neno lilikuwa mdomoni, limeshavaa viatu. Lakini nikakumbuka mto, na yule binti mpakani niliyemdanganya. Na ukweli mwingine, mchungu zaidi: asingeiba, leo mbegu ya mama mkwe wangu isingekuwepo ila tuta moja. Miaka yote nilipokuwa namcheka kwamba anapanda ya dukani, alikuwa anapanda nyuma ya migomba nisione, ananiacha nicheke.

Nikajitwisha kikapu. Nilipofika kwenye uzio nikageuka.

"Nirudishie shikamoo yangu."

"Mbegu nimekurudishia," akasema. "Shikamoo hairudi."

Saumu imeota vizuri, sitaki uongo. Lakini tangu siku ile, kila asubuhi jirani yangu anashuka taratibu hadi kwenye uzio, anasimama, anakohoa kidogo, anasubiri. Mimi nainama kwenye matuta napalilia, siinui kichwa mpaka aondoke.

Sijawahi kuona shamba lenye magugu mengi kama la mwaka huu.