Maji Katika Mtungi wa Mheshimiwa

Harufu ya maziwa yaliyolala ndani ya mtungi wa alumini haifichiki. Ukifungua kifuniko inakupiga puani kabla hujachungulia, na ukishaijua huisahau tena. Msimu ule nilipokuwa darasa la tano, nikiwa na miaka kumi na moja, nyumba yetu yote ilinuka hivyo, na nyumba za majirani, na hata sweta zetu za shule. Tuliishi nje ya Eldoret, upande wa Kapseret, mahali ambapo ndege hushuka chini sana zikienda kutua, hata ng'ombe mgeni huruka ua kwa hofu na ng'ombe mwenyeji hainui kichwa. Mvua ilikuwa imelibeba daraja la mto wetu. Lori la maziwa, ambalo zamani lilifika hadi langoni kwetu, sasa lilisimama ng'ambo, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa karibu na lami, likachukua maziwa ya asubuhi tu na kuondoka. Ya jioni yakabaki kwetu. Tuliyanywa, tukawapa ndama, tukawapa mbwa, tukajaza kila kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kilichokuwa nyumbani, na bado yakabaki. Mama alikuwa akiyamwaga nyuma ya choo, kisha anaosha mtungi kwa hasira kana kwamba mtungi ndio uliokosa.

Daraja halingejengwa bila bajeti, na bajeti haingepita kwa sababu bunge la kaunti halikuwa na Spika. Watu wazima walilirudia jambo hilo kila siku mpaka sisi watoto tukalijua kuliko hesabu za kuzidisha. Wawakilishi wa wadi, ma-MCA, walikuwa wamegawanyika pande mbili, kila upande na mtu wake. Upande mmoja ulipoona utashindwa, ulipanda ndege ukaenda kujifungia hotelini Mombasa ili akidi isitimie na kura isipigwe. Ndege yenyewe bila shaka ilipita juu ya vichwa vyetu. Kwenye duka la Abdi, pale njia panda, redio haikuzimwa. Abdi, ambaye watu wake walitoka Garissa, alizoea kumwambia kila anayeingia, "Bado," kabla hajaulizwa, ndipo amuulize anataka sukari kiasi gani. Vijana wa bodaboda walitundika kiti cha plastiki chenye mguu uliovunjika kwenye nguzo iliyobaki ya daraja, wakaandika kwa mkaa, KITI CHA SPIKA. Akina mama walikwenda mjini, wakapiga mitungi mitupu nje ya lango la bunge hadi mchana, wakarudi sauti zimewakauka. Na punda wetu, ambaye miaka yote alikuwa punda tu, alipewa jina la Spika na kaka yangu, aliyesema kwamba angalau boma letu lisikae bila.

Huyo Spika wetu ndiye aliyenipa cheo. Mto ulipopungua, palipatikana kivuko ambapo maji yalifika magotini, na boma letu pekee ndilo lililokuwa na punda. Kila alfajiri kabla ya shule nilimfungia mitungi minne, miwili kila upande, wetu mmoja na ya majirani watatu, nikamvusha hadi kituoni. Kwetu, mtu akikukabidhi maziwa yake hakuulizi kitu. Anakupa mtungi, anarudi kwa ng'ombe wake, na akisikia umefika salama inatosha. Sijui mahali pengine mtoto wa miaka kumi na moja angeaminiwa hivyo. Nilijisikia mtu, jamani. Nilitembea nimeinua kidevu mbele ya wenzangu waliokuwa wakienda shule mikono mitupu.

Mmoja wa majirani hao watatu alikuwa MCA wetu mwenyewe. Nitamwita Mama Faith, ingawa si jina lake, maana ameshachafuliwa jina vya kutosha. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe watatu, na tangu achaguliwe watu walimwita Mheshimiwa, mwanzoni kwa heshima, baadaye kwa kejeli. Hakwenda Mombasa. Gari la serikali lilikuwa bado halijatolewa, tena hata lingetolewa lisingevuka mto, kwa hiyo kila asubuhi alitembea nami na Spika. Alivaa sketi yake ya bunge na buti za mpira, viatu vya kuchuchumia kavitia kwenye mfuko wa plastiki, na tulipofika kwenye maji alishika kamba ya punda upande wa mbele, akisema, "Chemutai, shika mkia, huyu Spika wako akikataa katikati tutakwama kama lile bunge la mjini." Tulicheka. Ng'ambo alivua buti, akavaa viatu, akapanda matatu kwenda bungeni kabla foleni ya maziwa haijaanza. Huko alitia sahihi, akakaa na wenzake wachache mbele ya viti vitupu, akidi ikahesabiwa, haikutimia, wakaambiwa warudi kesho. Saa tano alikuwa ameshafika kwake, yuko shambani anakata nyasi.

Sasa hapo ndipo ubaya wetu ulipoanzia. Wale waliojificha hotelini hatukuwaona. Hakuna aliyejua hata sura ya hoteli yenyewe. Aliyeonekana ni Mama Faith, saa tano ya mchana, kainama kwenye nyasi zake na panga mkononi, siku ya kazi. Basi watu wakaamua kwamba ni yeye anayekwamisha bunge. Ati amelala nyumbani. Ati mshahara unaingia huku daraja limekufa. Wengine wakasema anangoja apelekwe Mombasa na yeye. Nilimsikia mama yangu mzazi akisema hivyo jikoni, akichota maziwa yaliyoharibika, na mama yangu hakuwa mtu wa kusengenya. Dukani kwa Abdi, jioni moja nilipotumwa kiberiti, mwanamume mmoja alipiga meza na kusema, "Huyo mama mtu amwonyeshe." Wote wakaitikia. Walinitazama, maana walijua ninavusha maziwa yake, na mmoja akaniuliza, "Chemutai, Mheshimiwa huwa anaenda kweli?"

Neno moja tu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeona buti zikiingia majini kila asubuhi. Mimi ndiye niliyeshika mkia. Katika wadi nzima labda hapakuwa na mtu mwenye ushahidi kama wangu, na ushahidi wenyewe ulitosha kwenye neno "Ndiyo." Lakini duka lilikuwa limejaa, watu wazima wote wamegeukia upande wangu, na niliona wazi jibu walilolitaka. Nikainua mabega. "Sijui," nikasema. Wakacheka kwa kuridhika, Abdi akanipa peremende ya bure, nami nikaila njiani nikirudi, na ilikuwa tamu. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi ya tatu baada ya hapo Mama Faith hakuwa tayari. Ng'ombe wake alikuwa akizaa. Alinikabidhi mtungi langoni, mikono yake imejaa damu na ute wa uzazi, akaniambia nitangulie, atanikuta kituoni. Nilipofika kwenye kivuko nilikuwa peke yangu na punda. Sikupanga, lakini hicho si kisingizio, kwani mkono wangu ulijua la kufanya. Nilifungua mtungi wake, nikachota maji ya mto kwa kifuniko nikayatia ndani, mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Sweta yangu ililowa hadi kiwiko. Nilifunga, nikamsukuma Spika, na moyo ulinidunda kwa furaha, ndiyo, furaha, ya mtoto anayekwenda kuwapa wakubwa kile walichoomba.

Kituoni mpimaji alikuwa Mzee Barno, mtu wa haki ambaye hakujua kunong'ona. Alitumbukiza kile kipimo cha kioo kinachoelea kwenye maziwa. Katika maziwa mazuri husimama juu. Katika ya Mama Faith kilizama. Akakirudia. Akavua miwani, akaifuta, akakirudia tena. Halafu akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "Haya yana maji. Haya ni ya nani?" Nikataja jina. Watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka, na wakati huo huo Mama Faith akatokea kutoka mtoni, buti zinachuruzika, sketi ameivaa kombo kwa haraka. Mtu wa kwanza alianza kucheka, kisha wote. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekwenda kupiga mitungi mjini alisema, "Kumbe hata kwa ng'ombe ni mwongo."

Mama Faith alisogea karibu. Alitazama mtungi, akanitazama mimi, na macho yake yakashuka kwenye mkono wa sweta yangu. Yakabaki pale. Nilijua amejua. Nilingoja aseme, na nilikuwa tayari kukana na kulia na kuapa. Akamgeukia Mzee Barno akasema, "Ni mimi, Mzee. Ng'ombe alikuwa anazaa, nikasuuza mtungi kwa haraka, nadhani sikumwaga maji yote." Mzee Barno alisema sheria ni sheria. Maziwa yenye maji hayauzwi wala hayarudishwi nyumbani, yanamwagwa pale pale mbele ya watu, na mwenyewe anakaa mwezi mzima bila kuleta. Mama Faith akauinamisha mtungi yeye mwenyewe. Maziwa yalitiririka kwenye changarawe hadi miguuni mwetu, na hakuna aliyesogea. Halafu akanirudishia mtungi mtupu nimfungie punda, akavua buti, akavaa viatu vyake vya kuchuchumia, akaenda kusimamisha matatu ya bungeni.

Tangu siku hiyo wakamwita Mama Maji. Watoto waliimba akipita, na sauti yangu ilikuwemo, kwa sababu kunyamaza kungeonekana. Mwezi ulipoisha alileta maziwa yake mwenyewe, mtungi mgongoni, hakunipa tena. Hakunikemea pia, wala hakumwambia mama. Kama angesema, hakuna ambaye angempa punda wetu hata kikombe cha kubeba, na karo ya kaka ilitoka kwenye malipo ya punda yule. Hilo alilijua. Hatimaye wale wa Mombasa walirudi, wamependeza, wakakubaliana chini ya meza na Spika akachaguliwa kabla ya saa sita. MCA wa wadi jirani, aliyekuwa hotelini siku zote, alibebwa mabegani. Daraja likajengwa. Uchaguzi uliofuata Mama Faith aliposimama, mpinzani wake hakuhitaji kuhutubia. Alikuja mkutanoni na mtungi wa maziwa na jagi la maji, akaviweka juu ya meza, watu wakavunjika mbavu. Alishindwa vibaya, na mimi nilikuwa pale nikila njugu.

Nimekua. Nafanya kazi mjini, kwenye duka la dawa za mifugo, na nyumbani naenda Jumamosi. Mwaka huu bunge limekwama tena kwa jambo lile lile, la nani akalie kile kiti. Siku hizi hakuna anayepiga mitungi. Tuna simu. Katika kundi la watu wa kwetu mtu aliweka picha ya MCA wetu wa sasa, kijana mmoja mpole, ameketi hotelini anakula nyama mchana. Hakuna aliyejua ilipigwa lini. Nami, kati ya mteja na mteja, nikaandika chini yake, "Analala, mshahara unaingia." Watu wakacheka, na kucheka kwao kukanipa ile furaha ya kale, ambayo nilidhani niliiacha mtoni.

Jumamosi hiyo nilivuka daraja kwa miguu, nikaenda kwa Mama Faith. Miaka yote nilikuwa nikimsalimia njiani tu na kupita. Safari hii nilikuwa nimeandaa maneno tangu mjini. Nilimkuta ameketi nje na redio, nywele zimekuwa nyeupe, ng'ombe wamebaki wawili. Akanikaribisha, akaleta chai ya maziwa matupu, kama wanavyoipika wenye ng'ombe, akaniuliza habari za mama. Kisha akaipunguza redio.

"Bado?" akaniuliza.

"Bado, Mama."

"Na huyu kijana wetu, yeye huenda bungeni?"

"Sijui," nikasema, na neno lile lilitoka kwa sauti ile ile ya dukani.

Akapuliza chai yake. "Mnamtukana?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, amenifungulia yeye mwenyewe, na maneno yangu yote yalikuwa yamejipanga.

"Wengine," nikasema. "Mimi hapana."

Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni mwangu, maana watu walikuwa bado wanaucheka ujumbe wangu. Mama Faith akautazama mkono wa sweta yangu, ambao ulikuwa mkavu, akautazama kwa muda. Halafu akachukua birika akaniongezea chai.