Siku Tulipowaimbia Mapasa wa Nkechi

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, katika mtaa wetu wa Katuba, huko Katanga, watu wazima walinisalimia mimi kabla sijawasalimia wao. Sikuwa nimefanya lolote la kustahili heshima hiyo. Nilizaliwa tu nyuma kidogo ya dada yangu Mbuyi, nikaitwa Kabanga, kama anavyoitwa kila pacha wa pili kwetu sisi Waluba wa Kasai. Akina mama wa sokoni walipotuona walipiga makofi. Aliyempa Mbuyi kipande cha mkate alinikatia na mimi, kipande cha ukubwa uleule, hata kama alikuwa amenuna. Bibi yetu, ambaye tulimwita Kaku, alikuwa amewafundisha mtaa mzima: pacha akinyimwa hukasirika, na pacha akikasirika hurudi alikotoka. Mbuyi nami tuliila hofu yao na mkate juu yake. Tulinenepa, kusema kweli.

Kwa hiyo nilikua nikidhani dunia nzima huwapigia mapasa, ndivyo tunavyowaita pacha, makofi. Ilichukua mchana mmoja kunichanganya akili, na nikikumbuka leo, nikiwa mama wa watu, bado sina hakika nimezipanga sawasawa.

Katika nyumba iliyopakana na yetu walikaa Nkechi na mume wake, aliyeuza vipuri vya magari mjini. Mtaa uliwaita Wanijeria, na Nkechi alichukia. "Nigeria iko mukubwa," alikuwa akisema, kwa Kiswahili alichokiokota sokoni pamoja na nyanya. "Miye niko Igbo. Ukiita bantu bote jina moja, utajua nani?" Kaku alimpenda kwa sababu hiyo hiyo, maana naye, Mluba wa Kasai, hakutaka kuitwa Mkatanga.

Nkechi alipojifungua, alijifungua mapasa wa kiume. Kaku alilia kwa furaha, akaacha kumwita jina lake, akaanza kumwita Mwambuyi, mama wa mapasa, ambalo kwetu ni jina la cheo. Hazikupita siku nyingi, mama yake Nkechi akafika kutoka kwao. Ndege ilimshusha Zambia, gari likamleta kupitia mpaka wa Kasumbalesa, akashuka na mfuko wa pilipili na samaki mkavu ambao harufu yake ilivuka ukuta ikatufikia mezani. Kwao ni desturi, binti akizaa, mama yake huja kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia mchuzi mkali, na kumwogesha mtoto. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa rozari shingoni, asiyejua neno hata moja la Kiswahili wala la Kifaransa. Tulimwita Mama Mukubwa.

Aliwaogesha wote wawili, hilo halina ubishi. Lakini asubuhi, akitoka kuota jua uani, alitoka na mtoto mmoja tu. Yule wa pili, mdogo zaidi, alibaki ndani. Kesho yake hivyo hivyo. Kaku alichungulia juu ya ukuta, akarudi amekunja uso.

"Ule mama anaficha mumoja," alisema. "Na bale batoto habayaimbiwa bado. Mapasa kama habayaimbiwa, mumoja ataacha kunyonya. Mi nasema tu."

Na ikawa. Mambo ya Kaku yalikuwa na tabia hiyo mbaya ya kuwa kweli. Yule mdogo akaanza kulikataa titi. Alishika, akaachia, akalia sauti nyembamba ambayo tuliisikia hadi kwetu. Mimi niliogopa kuliko watu wote, kwa sababu yule alikuwa wa pili, Kabanga mwenzangu. Nilihisi akiondoka, nami nitaitwa.

Sasa nieleze kidogo kuhusu nyimbo zenyewe, maana hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Kwetu, mapasa hawaimbiwi nyimbo za Jumapili. Wanawake hujipaka pemba, ule udongo mweupe, wakaja kwa kelele, wakaimba matusi. Matusi ya kweli, ya mwili wa mama na mwili wa baba, na viuno vikiyaeleza kwa wasioelewa maneno. Mke wa mchungaji huimba, na kesho yake huenda kanisani na uso mkavu. Siku nyingine yoyote neno moja kati ya hayo lingekupatia kofi. Siku hiyo matusi ndiyo heshima yenyewe, na mzazi anayetukanwa sana ndiye aliyepewa sana.

Kaku alimwomba Nkechi ruhusa, na Nkechi, aliyekuwa hana usingizi wala matumaini, alikubali. Mume wake alikuwa Kasumbalesa akingoja lori la mali yake lipite kwenye foleni. Alichosahau Nkechi ni kumweleza mama yake. Au alimweleza kwamba majirani wanakuja kuimba, akaishia hapo. Nilikuja kumuuliza mara mbili, akanijibu mara mbili tofauti.

Basi Jumamosi mchana tukaingia kwa Nkechi, Mbuyi na mimi mbele, nyuso nyeupe kwa pemba, wanawake nyuma yetu wakipiga masahani. Nkechi alikuwa ameketi sebuleni na yule mkubwa kifuani. Wimbo wa kwanza ulimtukana mume wake. Mama mmoja akamtafsiria pembeni, Nkechi akacheka hadi mtoto akatikisika, na mimi nikaona mambo yanakwenda vizuri.

Mama Mukubwa akatokea jikoni na beseni la maji ya moto.

Sitasahau uso ule. Aliona nyuso nyeupe, midomo wazi, wanawake wanaonyoosha vidole kwa binti yake na kutingisha viuno kwa ubaya. Beseni likaanguka. Hakupiga kelele. Alipita katikati yetu, akaingia chumbani alikolala yule mdogo, na tukasikia komeo.

Wimbo ukakatika. Nkechi akagonga mlango, akazungumza lugha yao, kwanza taratibu, kisha kwa kilio. Ndani sauti ya mama yake ikajibu maneno marefu.

"Anasema nini?" Kaku akauliza.

Nkechi alitugeukia kama mtu aliyepigwa. "Anasema mumekuya kubeba mumoja. Anasema huyu hamutamupata."

"Kumubeba wapi?" Kaku aliuliza.

Nilisimama pale nisielewe kitu. Tulikuja kumzuia mtoto asiondoke, na bibi yake mwenyewe anadhani sisi ndio wa kumwondoa. Mtoto alilia nyuma ya mlango, akalia, halafu akanyamaza, na kunyamaza kule kulitisha kuliko kilio. Baadhi ya wanawake walitaka kuondoka. Kaku akakataa. Wimbo wa mapasa haukatwi katikati, alisema, na tena mapasa hawatengwi na mlango siku ya wimbo wao. Lakini kadiri tulivyokaa ndivyo Mama Mukubwa alivyozidi kufunga. Ulikuwa mkorogo mtupu.

Ndipo Kaku akatushika mikono, akatupeleka uani kwenye dirisha la chumba, lile la vioo vilivyopangwa kama ngazi. Akamsukuma Mbuyi mbele.

Mama Mukubwa alikuwa ameketi sakafuni kati ya kitanda na kabati, mtoto amemfunika kwa kitenge. Alimwona Mbuyi, akakaza mikono. Kisha nikachomoza mimi pembeni, uso uleule, pemba ileile, pengo lilelile la meno. Akatuangalia. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akarudi kwa wa kwanza, kama anayehofia macho yake yamemdanganya. Akainua kidole kimoja. Akaongeza cha pili, akangoja.

"Ndiyo, Mama," Mbuyi alisema. "Tuko mapasa."

Alikuja dirishani. Alipitisha vidole kati ya vioo, akaligusa shavu la Mbuyi, kisha langu, na pemba ikambaki vidoleni. Halafu akauliza kitu, mara mbili, na Nkechi akatafsiri kutoka nyuma ya mlango huku akilia.

"Anauliza, bote babiri, nani anabakulisha?"

Kaku alishangaa swali. "Mama yabo," alisema. "Na miye. Na Katuba yote!"

Komeo likafunguka. Mtoto alikuwa mzima, amechoka tu kulia. Tuliwalaza wawili kwenye mkeka mmoja, tukamaliza wimbo kwa sauti ndogo, matusi yote, polepole kama sala. Mama Mukubwa alikaa kando akitazama, bila kucheka wala kukataza.

Yule mdogo alinyonya jioni ileile. Kaku alisema ni wimbo. Jumatatu muuguzi wa zahanati alimchungulia kinywani, akakuta utando mweupe, akatoa dawa ya matone, na Nkechi akasema ni dawa, ingawa mtoto alikuwa ameshaanza kunyonya tangu Jumamosi. Mimi hadi leo sijaamua.

Nilipokuwa mtu mzima, Nkechi alinisimulia lililobaki, tukichambua mboga uani kwake. Zamani, alisema, sehemu nyingi za kwao na kwa baadhi ya majirani zao wa kusini, mapasa walikuwa chukizo. Walitiwa kwenye chungu, wakatupwa porini, na mama yao akafukuzwa. Wayoruba, si mbali na hapo, waliwapenda kutushinda hata sisi. Dini na sheria zilikuja kuiondoa desturi hiyo, lakini woga hauhami siku moja na sheria. Kabla ya kumzaa Mama Mukubwa, mama yake alizaa wawili. Wanawake wa ukoo walikuja kwake kwa kelele, wakambeba mmoja. Baadaye mama huyo, akimpakulia binti yake chakula, alikuwa akiweka na bakuli la pili, dogo, asiruhusu mtu aliguse.

"Mama alikulia na ile bakuli," Nkechi alisema. "Hakuuliza iko ya nani."

Nilishindwa kuendelea na mboga. Nilikumbuka makofi ya sokoni na vipande vya mkate vilivyokatwa sawasawa. Jambo lilelile, watoto wawili katika tumbo moja, nami nikapewa cheo, wengine wakapewa chungu. Hakuna kati yetu aliyekuwa amefanya kitu. Kaku angekuwa na methali ya kunifariji, lakini Kaku hayupo tena, na mimi nimejaribu zangu zote, hakuna inayoenea.

Ninachobaki nacho ni siku Mama Mukubwa alipoondoka. Gari lilikuwa linapiga honi, wavulana wote wawili walikuwa uani juani, na yeye akaja kwenye geti letu kuaga. Machozi yalimtoka, na Kaku akamkemea kwa ishara, maana mbele ya mapasa mtu halii. Nilidhani anasikitikia safari. Mkono mmoja ulimshika Mbuyi, wa pili ulinishika mimi, na dereva akapiga honi tena na tena, na yeye akasimama pale, hajui aachie upi kwanza.