Niliiua Lugha ya Wanangu Pacha

Mimi ni mpumbavu, na nalisema mwenyewe kabla hamjaniita. Niliwatenganisha wanangu pacha kwa mkono wangu, na sikuwa na sababu yoyote ila aibu. Jina langu silitaji. Wao nawaita Kulwa na Doto, maana pacha wa kwetu wenye majina hayo wamejaa, hamtawajua.

Ilikuwa Guangzhou, China, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi na mke wangu, watu wa Dar, tulipanga nyumba karibu na barabara ya Guangyuan Xilu tukawa tunanunua nguo za jumla za kupeleka nyumbani. Mchana kutwa tuko madukani, tunachagua, tunafungasha. Wasichana wetu wa miaka minne walishinda na yaya wa Kichina aliyejua Kikantoni tu.

Basi wakajitungia lugha yao! Wakitaka kula wanasema "tusik fan". Maji wanayaita "kebi", sauti juu. Neno hilohilo wakilishusha sauti, maana yake usingizi. Wanajificha chini ya meza wanazungumza, wanacheka mpaka wanagaragara, na sisi wazazi tunatoa macho.

Siku moja nikaalika wafanyabiashara wenzangu kutoka Kariakoo. Tuko kwenye pilau, watoto wakaanza mambo yao. Mgeni mmoja akaliacha tonge hewani.

"Kaka, wanao wanaongea kijini? Watafutie shehe awasomee!"

Walicheka hadi wakapaliwa. Mimi nilitamani nipasuke. Mtoto wangu mimi, mtu wa Kariakoo, hajui kuomba maji kwa Kiswahili!

Ghorofa ya chini aliishi Mkongomani wa Lubumbashi. Kwao alikuwa mwalimu wa chuo, anafundisha mambo ya lugha. Pale alikuwa ananunua midoli na madaftari ya jumla mtaa wa Yide Lu. Jioni ileile nikamkuta ameketi kwenye ngazi na wanangu. Alikuwa na daftari lenye safu tatu: Kiswahili, Kikantoni, na ya tatu kaiita Kipacha.

"Patron, bale batoto habako bagonjwa," akaniambia kwa furaha. "Beko natunga luga. Angalia: hii 'tu' ni ya kwenu, inatoka ku Kiswahili. Hii 'sik fan' ni ya yaya, ni kula. Na 'kebi' haina mama wala baba, banaizala bao benyewe! Iko na sheria zake, vraiment, kweli kabisa. Lakini beko babili tu mu dunia nzima. Ukibatenganisha, inakufa."

Mtu ananipa lulu, mimi nikamtukana! "Kiswahili chenyewe kimekushinda, unakuja kunifundisha watoto wangu?" Nikamnyang'anya daftari, nikalichana mbele ya watoto.

Yule mwalimu aliinama, akawa anaokota vipande, na Doto anamsaidia.

Neno lake moja tu ndilo lililobaki kichwani mwangu: ukiwatenganisha. Aliniambia ili nisifanye. Mimi nikachukua kama dawa! Wiki haikuisha, nikampata mama mmoja anayerudi Dar, nikamkabidhi Doto ampeleke kwa dada yangu.

Mke wangu alinishika shati mlangoni. "Baba Kulwa, hawa si marobota ya nguo, useme hili liende hili libaki!"

"Nyamaza," nikamwambia. Mwanamume bwana!

Kulwa alikaa chini ya ile meza na mto wa mwenzake, anausemesha Kipacha, ananyamaza kidogo kana kwamba anajibiwa, anaendelea. Miezi! Unajua nilifanya nini? Niliuchukua ule mto nikaufungia kabatini. Baada ya hapo hakusema neno, si Kiswahili wala Kikantoni, karibu mwaka mzima. Nilimfanya bubu mtoto aliyekuwa anaongea kuliko sisi wote.

Baada ya miaka miwili tukarudi. Uwanja wa ndege Dar, Doto yuko pale na shangazi yake, kavaa gauni jipya. Kulwa akachomoka mkononi mwangu, akakimbia, akamkumbatia, na maneno yakamtoka kama bomba lililopasuka. Kipacha chote! Alikuwa amemtunzia.

Doto akarudi nyuma. Akamtazama shangazi yake.

"Shangazi, huyu anasema nini?"

Kwa Kiswahili kizuri mno, kile nilichokitaka. Kulwa akaitazama midomo ya mwenzake, kisha akafunga mdomo wake. Tangu siku hiyo sijamsikia akitamka neno hata moja la lugha ile.

Sasa ni watu wazima. Wakikutana kwangu sikukuu wanaulizana habari za kazi, wanajibizana nzuri, kila mmoja anashika simu yake. Mke wangu huwaangalia, kisha ananiangalia mimi, na mimi huondoka sebuleni. Hasira niliyo nayo sina wa kumtupia. Wale wageni waliocheka hata hawakumbuki!

Wewe unayesoma, mwenye watoto wanaobwabwaja kitu usichokijua mbele za wageni, waache! Mgeni atacheka, atakula pilau lako, atakwenda zake. Kaa chini ya hiyo meza na wewe, uwaombe wakufundishe. Mimi nafahamu "kebi" na "tusik fan" tu, na juzi nilimwambia Kulwa "kebi", nikapandisha sauti vizuri kabisa.

Akaniletea maji, akaweka mezani, akaenda chumbani kulia.