Kuku wa Mama Godeliva

Nakumbuka asubuhi moja nilipoingia Kidahwe na baiskeli yangu, tenga nimelifunga nyuma kwa mpira, nikapokewa na ukimya. Wewe mwanangu umekulia mjini, hujui kijiji kisichowika jogoo kinavyotisha. Nilikuwa kijana wa Ujiji, kazi yangu kununua kuku vijijini na kuwauza Kibirizi kwa wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Asubuhi ile, kila nilipopiga hodi nilionyeshwa shimo walikofukiwa kuku. Kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, kilikuwa kimepita.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Zamani kuku alikuwa wa mgeni, wa sikukuu na wa mama aliyejifungua. Basi. Kisha vita ikawaka kwa majirani zetu, watu wakamiminika kutoka Burundi na Kongo, kwa miguu na kwa maboti. Nyuma yao wakaja madereva wa malori na watu wa misaada, na kila hoteli mjini ikawa inataka kuku. Sisi wachuuzi tukawa hatutoki barabara ya Kasulu. Vijijini wakauza majogoo mpaka wakaisha, wakauza mitetea, mwishowe wakauza hata kuku walioatamia. Kideri kilipokuja, kilikuta wachache waliobaki, nacho kikawamaliza.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuniuzia kuku jike: Bibi Anzelina, mjane wa Kiha aliyekaa peke yake juu ya kijiji. Nikapandisha kwake. Kabla sijafika uani akanipigia kelele.

"Yusufu! Simama hapo hapo na tenga lako!"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Usisogee. Hilo tenga limebeba kuku wa nyumba ngapi? Nenda kalichome. Uoge, ubadilishe nguo, ndipo uje. Nina kazi na wewe."

Niliondoka nimenuna, mwanangu. Mke wangu alikuwa mjamzito, na tenga lile ndilo lililotulisha. Lakini kuku wa kubeba nitawatoa wapi? Nikalichoma.

Niliporudi, alinikabidhi tetea na jogoo mdogo. "Mpelekee Mama Godeliva."

Huyo alikuwa mwanamke wa Burundi. Mumewe alipotea njiani wakikimbia, naye alihifadhiwa pamoja na wanawe katika jiko la zamani mwisho wa kijiji, akisubiri lori la kumpeleka kambini. Habari zikaenea upesi, na jirani mmoja, Mzee Daudi, akaja juu.

"Bibi, sisi wenzako tumepoteza kuku wote, halafu unampa mgeni? Wanawe wana njaa. Atamchinja leo leo."

"Daudi, kwako ugonjwa bado umo bandani," Bibi akamjibu bila kupandisha sauti. "Nikikupa kuku leo, kesho kutwa utamfukia. Kwa yule mama hajawahi kuingia kuku, ni pasafi; wakizaliana huko, nanyi mtapata mbegu. Na hawa wangu nikiwaweka wote hapa, kideri kikinifikia tumekwisha sote."

Mzee Daudi akashuka kilima akiguna. Nami, kusema kweli, moyoni nilikuwa upande wake. Nilimhesabu yule tetea kuwa mchuzi tayari.

Basi kila nilipopita na baiskeli yangu, ambayo sasa ilibeba kuni, nilichungulia. Tetea yupo, amefungwa mguu kwa kipande cha kitenge. Siku nyingine yupo, ameatamia chini ya kitanda cha fito. Siku moja nikamkuta yule mtoto mdogo ana homa, na chunguni mna uji mwepesi tu. Roho ikaniuma.

"Dada," nikamwambia, "Bibi hatakulaumu. Mchinje."

Akamtazama mtoto, akamtazama kuku. "Kaka, alipokuja niliona mchuzi, sikufichi," akasema. "Lakini nilipovuka mpaka sikuwa na kitu ambacho mtu angeweza kunitegemea kwacho. Sasa kijiji kizima kinanitegemea mimi. Mtoto nitampa yai."

Yai alimpa, na homa ikashuka. Mengine yakaanguliwa. Vifaranga wakakua, mitetea wake nao wakataga, na Bibi alipoona mabanda ya kijiji yamekaa matupu vya kutosha, alituma watu kwa Mama Godeliva wakachukue mbegu. Mzee Daudi alikwenda mwenyewe, kofia mkononi, na maharage kwenye kikapu. Nilikuwapo. Akawa anasifia jogoo tu. "Murakoze," yule mama akamwambia, yaani asante kwa lugha yao. Yeye ndiye aliyetushukuru sisi!

Lori lilipokuja kumchukua nilikuwa Kibirizi. Sikumuaga. Nilisikia tu kwamba wanawake wa kijiji walimpandishia kikapu cha mitetea, na kwamba alilia. Lakini kaka yako mkubwa alipozaliwa, mama yako alikunywa mchuzi wa kuku aliyetoka Kidahwe, na nguvu zikamrudia. Nami nikasuka tenga jipya.

Siku hizi vifaranga wa kisasa wanakuja ndani ya maboksi, wanakua haraka, na nyama ya kuku inaliwa hata Jumanne isiyo na jambo. Simlaumu mtu, nami nakula. Namshukuru Mungu kwamba wajukuu wangu wanachagua paja au kidari.

Ila sikia ninachokuomba. Soko likikuchangamkia, usiuze mpaka kile kinachozaa. Mtu akikukataza jambo, msikilize hata kama amekupigia kelele. Na mgeni akija kwako na njaa yake, usidhani njaa ndiyo yote aliyokuja nayo. Mpe kitu cha kutunza, siyo cha kula tu.

Mungu akujalie riziki isiyokauka, mwanangu, na majirani watakaokuamini. Na Mama Godeliva, popote alipo, yeye na uzao wake, Mungu awape amani na nyumba isiyohamishwa tena.