Mama wa Busasamana kwenye Barabara ya Guangxi

Tulitoka Guangzhou asubuhi kwa basi dogo la kukodi, sote wafanyabiashara wa Gisenyi, tukielekea Guangxi kutazama kiwanda cha mashine za kusaga. Ilikuwa safari ya kutwa nzima. Kiongozi wetu alikuwa bwana mmoja mwenye duka la vipuri mtaa wa Mbugangari, aliyekulia Goma, ng'ambo ya mpaka. Kichina alikijua, na hakutuacha tusahau hilo.

Kiti cha mbele alikaa mama mmoja mjane kutoka kijiji cha Busasamana. Alizoea kuvusha viazi mpakani kwenda kuviuza Goma, na sasa alitaka mashine yake mwenyewe. Hakuwahi kufika mbali kuliko Kigali. Barabara ilipoingia milimani, akatapika kwenye mfuko wa plastiki.

"Mama, we unatuharibia hewa," kiongozi akasema. "Enda kule nyuma."

"Nyuma ndiyo inarusha zaidi, mwanangu."

"Nimesema nyuma."

Akainuka na mfuko wake mkononi, akishikilia viti. Watu wakaziba pua. Mwenzetu mmoja mwenye duka la vitenge akavuta sketi yake asiguswe nayo. Mimi nilikaa kiti cha mwisho. Nikampisha dirishani na kumfunika kanga yangu. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Nje, vilima vyembamba vilichomoza mashambani kimoja kimoja, vimefunikwa majani hadi kileleni.

"Milima gani hii isiyo na miguu?" akaniuliza, akatabasamu kidogo.

Mchana tukasimama kwenye kituo cha mafuta. Mama akaenda chooni. Sisi wengine tulipokwisha kurudi ndani, kiongozi akamwambia dereva jambo kwa Kichina, na mlango ukafungwa.

"Bado mama," nikasema.

"Tunajua," kiongozi akajibu. "Tumuchezeshe kidogo."

Basi likaanza kwenda polepole kuelekea barabara kuu. Mama akatokea mlangoni pa choo. Alisimama kwanza, kama haamini, kisha akaanza kukimbia. Kiatu kimoja kikamtoka.

"Bana bangu, musiniache! Mi sijue njia ya kwetu!"

Ndani walikuwa wanacheka hadi machozi. Mmoja alipiga magoti kwenye kiti cha nyuma, anapiga video kwa simu. Nikaenda mbele nikamtikisa dereva bega, nikimwonyesha nyuma kwa kidole. Kiongozi akanishika mkono. "Dada, kaa. Ni muchezo tu." Dereva alitazama kioo, akafunga breki. Wakati huo mama alikuwa ameshaanguka.

Nilimwinua kwenye lami. Goti lilikuwa linatoka damu, na alikuwa amejikojolea. Nikamfunga kanga kiunoni kabla hatujapanda, lakini walishaona.

"Kumbe we unakimbia hivi!" kiongozi akamwambia. "Bon, ugonjwa umeisha."

Mama akarudi nyuma, akaketi dirishani. Tulipofika kiwandani alikataa kushuka. Wenzake walizizunguka mashine, wakazipiga picha, wakabishana juu ya mota. Yeye alibaki kwenye kiti, ameegemeza kichwa chake chenye nywele zilizolowa jasho kwenye kioo, macho yamefumbwa.

Video ilifika Gisenyi kabla yetu. Nilimfuata kiongozi dukani kwake nikamwomba awaambie watu waifute.

"Watu wamecheka, wamefurahi," akasema. "Ubaya iko wapi?"

Binti yake mama aliiona kwenye simu ya jirani. Mpakani, mama akipita na viazi vyake, vijana walimpigia kelele kwa sauti ya kulia: "Bana bangu, musiniache!" Alivumilia wiki chache. Kisha akaacha kabisa kuvuka, akabaki kulima shamba la watu.

Nilikwenda kumtembelea. Alinichemshia chai, akaniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, niliwakosea nini?"

Nikamsaidia kuosha vikombe.

Kiongozi sasa anakusanya kundi jingine la kwenda Guangxi. Nimesikia nafasi zote zimeshajaa.